Goshini na demani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu milima, pepo na mvua za kaskazini mashariki mwa Tanzania

Ukipanda basi Mombo asubuhi ya Julai, unapanda na shati jepesi, vumbi la chini bado liko miguuni. Barabara inaanza kujipinda kando ya mto. Kufika Soni, kwenye maporomoko, abiria mmoja anafunga dirisha na mama aliyekaa mbele anatoa sweta la mtoto mkobani. Ni kilomita thelathini na kitu tu hadi Lushoto, lakini masikio yameshaziba mara mbili, na nje mkonge na mibuyu vimekwisha. Sasa ni kabichi, karoti na ukungu.

Safari hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kufuatilia mambo ya milima na upepo, na tangu hapo watu huniuliza maswali. Wengine ni wanafunzi, wengine wakulima, wengine wanataka kununua kiwanja. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara.

Goshini na demani ni nini? Mbona kwenye vitabu vya jiografia sijayaona?

Ni maneno ya mabaharia wa pwani. Upande wa chombo unaopigwa na upepo unaitwa goshini, na wengine hutamka joshini. Upande wa pili, ambako upepo unatokezea ukishakipita chombo, ni demani. Nahodha hawezi kusafiri bila kujua upande upi ni upi.

Vitabu vya shule husema "upande unaokabili upepo" na "upande wa kivuli cha mvua". Si vibaya, lakini ni virefu, na mimi naona maneno ya mabaharia yanafaa zaidi. Mlima nao ni kama chombo kilichotia nanga: haujongei, upepo ndio unaoujia. Kila mlima mkubwa una goshi na demani yake, na nchi inayouzunguka hugawanyika kufuata pande hizo. Ukishajua hilo, mambo mengi yaliyokuwa yanaonekana kama bahati, kwamba kijiji hiki kina migomba na kile kina miiba tu, yanaeleweka.

Usichanganye na demani ya kalenda, yaani majira ya upepo mwanana kati ya mwisho wa kusi na kuanza kwa kaskazi. Neno ni hilohilo, kazi ni mbili.

Kwa nini mlima unaleta mvua?

Kwa sababu unaulazimisha upepo kupanda. Upepo unaotoka baharini umebeba mvuke. Ukiwa tambarare unaweza kupita mamia ya kilomita na mvuke wake bila kudondosha tone. Ukikuta ukuta wa mlima hauna pa kupita isipokuwa juu, na huko juu kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo hewa inatanuka, na ikitanuka inapoa. Hewa kavu hupoa takriban digrii 10 kwa kila mita 1,000 inazopanda.

Hewa baridi haiwezi kushika mvuke mwingi kama hewa ya joto. Inafika mahali mvuke unaanza kugeuka vitone: hapo ndipo unapoona wingu limekaa mlimani kama kilemba, wakati anga la pembeni ni jeupe. Upepo ukiendelea kusukuma, vitone vinakua na mvua inanyesha.

Na upande wa pili unakauka kwa sababu mvua imeishia mlimani?

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni joto, na husahaulika. Tufanye hesabu ndogo.

Chukua hewa ya digrii 30 usawa wa bahari. Ikipanda hadi mita 1,000 imepoa, ni digrii 20, na tuseme hapo wingu linaanza. Kuanzia hapo inapoa polepole, kama digrii 5 kwa mita 1,000, kwa sababu mvuke unapogeuka maji hutoa joto lake. Ikifika kileleni, mita 2,000, ni digrii 15. Mvua imeshanyesha goshini, hewa imebaki kavu. Sasa inashuka demani. Haina tena wingu, basi inapata joto kwa kiwango kile cha hewa kavu, digrii 10 kwa mita 1,000. Ikifika mita 500 imekuwa digrii 30.

Sasa rudi goshini, mita 500 ileile: hewa hiyohiyo ilikuwa digrii 25. Mwinuko mmoja, upepo mmoja, tofauti ya digrii 5, na ya demani ni kavu kabisa. Hewa hiyo haikosi tu mvua ya kukupa. Inanyonya hata unyevu uliokuwa ardhini. Ndiyo maana mahindi ya demani hukunja majani saa tano asubuhi hata kama mvua ilinyesha wiki iliyopita.

Ni pepo gani hasa zinazokuja?

Kubwa ni mbili. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki, kuanzia Aprili hadi Septemba na zaidi kidogo. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na kaskazi yakaondoka na kusi, na biashara yote ya pwani ilipangwa kwa pepo hizo.

Mvua kubwa huja pepo zinapopokezana. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna kiangazi cha joto, na kipupwe cha baridi kuanzia Juni. Katika kipupwe hicho pwani na milima inayotazama bahari hupata pia mchoo, mvua nyepesi zinazoletwa na kusi. Mtu wa Amani, kule Usambara Mashariki, anazijua vizuri. Mtu wa Same, chini ya milima ya Pare, hazioni.

Halafu kuna pepo ndogo za kila siku, za bahari na nchi kavu, za bonde na mlima. Nitazirudia chini kwenye swali la Kibo, kilele cha Kilimanjaro.

Tuko karibu na ikweta. Mbona nchi yetu si msitu kama Kongo?

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake ni refu.

Kaskazi hutokea upande wa Uarabuni na Pembe ya Afrika. Inafika kwetu haijanywa bahari vya kutosha. Kusi imepita juu ya bahari pana, lakini ni ya baridi, na ikikaribia pwani inajikunja na kukimbia sambamba na ufukwe badala ya kuingia bara moja kwa moja. Hewa yake imetulia, haipendi kupanda yenyewe. Inahitaji kusukumwa, na kinachoisukuma ni mlima. Ndiyo maana kwetu milima si pambo la nchi. Ondoa milima, na sehemu kubwa ya kaskazini mashariki mwa Tanzania ingekuwa nyika tupu.

Lakini milima hiyohiyo ina tobo. Kutoka Ethiopia hadi kusini mwa Tanzania, safu ya nyanda za juu imekatwa na mabonde yanayoelekea magharibi. Mwaka 2023 kundi la watafiti, akiwemo Callum Munday, lilichapisha matokeo ya modeli za kompyuta ambamo mabonde hayo yalijazwa, yaani walitengeneza Afrika Mashariki isiyo na tobo. Mvua ya Afrika Mashariki iliongezeka, ya bonde la Kongo ikapungua. Kumbe mabonde ni mifereji ya upepo: yanapitisha unyevu wa Bahari ya Hindi chini kwa chini, kwa kasi, hadi kwa wenzetu wa Kongo. Sehemu ya mvua inayonyesha kwenye msitu ule ilipita mlangoni kwetu.

Kilimanjaro ina goshi upande gani?

Kusini na kusini mashariki. Machame, Kibosho, Marangu.

Moshi mjini hupata kama milimita 900 kwa mwaka. Ukipanda hadi vijiji vya kahawa na migomba unapita 1,500. Endelea hadi ndani ya msitu, kwenye mita 2,000 na ushei, na mvua inakaribia milimita 3,000. Hapo ndipo tumbo la mlima. Ukizidi kupanda, mvua inaanza kupungua, kwa kuwa mlima umeyapita mawingu: kileleni, mita 5,895, ni chini ya milimita 200, ukame kama wa jangwa, ila ni jangwa la baridi.

Sasa vuka upande wa kaskazini. Amboseli, ambako tembo hupigwa picha na Kibo nyuma yao, hupata milimita 350 hivi. Picha ile ni picha ya demani. Watu huitazama na kuona uzuri, na ni mzuri kweli, lakini tazama miguu ya tembo: vumbi. Na kile kijani cha mabwawa ya Amboseli ni maji ya mlima yaliyopita chini ya ardhi, ndani ya mawe ya volkano, yakaibukia huko. Mvua haikuweza kuvuka juu, maji yakapita chini.

Upande wa kaskazini vuli ina uzito kuliko masika, kwa sababu ndio msimu ambao upepo unageuka na kuanza kutokea huko. Kwa hiyo hata hiyo goshi si moja mwaka mzima. Inahama na upepo, ila kusini ndiko inakokaa muda mrefu na kwa nguvu.

Maji ya mito ya Moshi yanatoka kwenye barafu ya Kibo?

Kwa kiasi kidogo sana. Najua inavyouma kusikia, maana wengi tumefundishwa hivyo. Mito ya Kilimanjaro inalishwa na mvua na ukungu wa ule ukanda wa msitu. Barafu iko mahali pakavu, na nyingi hata haiyeyuki: hugeuka mvuke moja kwa moja kwa jua na upepo.

Barafu inapotea, hilo ni kweli na ni huzuni. Mwaka 1912 ilikuwa kilomita za mraba 12 hivi, na mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Lakini mkulima wa Kibosho anayetazama mfongo wake, yaani mfereji wa maji ya shamba, umepungua, aangalie msitu kwanza kabla ya kuangalia kilele. Moto umeshusha mpaka wa juu wa msitu, na miti iliyoungua ndiyo iliyokuwa ikichuja ukungu.

Mtu ambaye hajaingia msitu wa mawingu haamini miti inaweza kuchuja ukungu. Simama chini ya mti mmoja huko juu asubuhi isiyo na mvua. Matawi yamevaa manyoya ya kijani-kijivu yanayoning'inia kama ndevu. Ukungu unapita kimya, na kila unyoya unashika vitone. Baada ya muda unasikia: ta, ta, ta. Nje ya msitu, hatua ishirini, ardhi ni kavu. Ndani, udongo unabonyea chini ya kiatu kama sifongo. Maji hayo hayahesabiki kwenye kipima mvua kilichowekwa uwanjani, lakini ndiyo yanayotiririka Septemba wakati hakuna mvua.

Kwa nini Kibo huonekana alfajiri halafu hujificha mchana kutwa?

Jua likipiga miteremko, hewa iliyogusana na ardhi inapata joto na kupanda kufuata mlima. Inabeba unyevu wa mashamba na msitu, na kufika saa nne au tano wingu limeshajengeka katikati ya mlima. Usiku mambo yanageuka: ardhi inapoa, hewa nzito ya baridi inateremka mabondeni, mawingu yanakatika. Ndiyo maana alfajiri Kibo huonekana mweupe wote, na wapandaji huondoka kambi ya mwisho katikati ya usiku.

Ule ubaridi unaoingia chini ya mlango Moshi au Lushoto kabla ya adhana ndio hewa hiyo inayoteremka. Kwa mkulima ina maana moja: usipande mazao yanayoogopa baridi kali katika kibonde kilichofungwa. Baridi inateremka kama maji na kutuama kama maji.

Usambara na Pare nazo ni hivyohivyo?

Ndiyo, na mimi naona huko ndiko darasa lilipo wazi zaidi, kwa sababu umbali ni mfupi.

Usambara Mashariki iko karibu na bahari na inaipokea kusi ikiwa bado mbichi. Amani, ambayo haifiki hata mita 1,000 kwa sehemu kubwa, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902. Usambara Magharibi ni ndefu zaidi kwenda juu, lakini iko nyuma, imekaa kivulini mwa dada yake. Lushoto hupata kama nusu ya Amani. Panda mlima wote huo, vuka Shume, kisha simama ukingoni upande wa kaskazini utazame chini: unaona Mkomazi, nyika ya rangi ya majivu, mbuga ya vifaru na miiba. Ukuta unaoshuka hapo ni zaidi ya mita 1,000. Nyuma yako kuna msitu unaodondosha maji. Mbele yako ng'ombe wanatafuta kisima.

Pare ni hadithi hiyohiyo. Msitu wa Shengena uko juu, mita 2,400 na zaidi kileleni, na Same mjini, chini yake, hupata milimita 500 na kitu. Wapare hawakukaa kulia. Walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu. Wachaga nao wana mifongo, mifereji inayochukua maji juu kabisa ya mto na kuyatembeza kwenye kingo za miteremko hadi kwenye vihamba, mashamba yao ya nyumbani. Kazi zote mbili zina shabaha moja: kuichukua mvua ya goshini na kuipeleka mahali ambapo wingu halifiki.

Mto Pangani nao ni mfongo mkubwa wa Mungu. Unazaliwa Kilimanjaro na Meru, unakusanyika Nyumba ya Mungu, kisha unateremka mamia ya kilomita kandokando ya milima ya Pare na Usambara, katika nchi kavu ambayo peke yake isingeweza kuzaa mto wa namna hiyo.

Kwa nini mashamba ya mkonge yako chini na chai iko juu?

Kwa sababu hiyohiyo. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, na unavumilia ukavu wa Korogwe na Mombo. Chai inataka mvua iliyogawanyika mwaka mzima na ukungu, ikaenda Amani na jirani zake. Mwenye shamba la kikoloni aliweza kukosea mengi, lakini wingu lilimsahihisha upesi.

Arusha iko upande gani?

Mjini ni goshini mwa Mlima Meru, kusini, ndiyo maana kuna migomba na vijito. Zunguka kwa barabara ya Namanga ufike Oldonyosambu: dakika chache tu, umeingia demani, na kijani kimeisha.

Je, misitu ya milima hii ni ya zamani sana?

Safu ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ni milima mikongwe, mikongwe kuliko Kilimanjaro ambayo ni volkano changa. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba Bahari ya Hindi iliendelea kuipelekea unyevu hata zama ambazo bara lilikauka. Msitu ukabaki, na viumbe vikabaki, kila mlima na vyake kama kisiwa. Vijiua vya zambarau vinavyopandwa kwenye vyungu vya madirisha huko Ulaya na Marekani asili yake ni mapango na mawe yenye kivuli ya huku. Mjerumani Walter von Saint Paul ndiye aliyevipeleka kutoka Usambara miaka ya 1890.

Upepo peke yake, bila mvua, unaweza kuumba nchi?

Nenda Ngorongoro upate jibu. Upepo wa mashariki unapanda nyanda za juu za volkano, unanyesha kwenye ukingo wa bonde, kisha unashukia upande wa Serengeti ukiwa mkavu. Hapo tayari una kivuli cha mvua. Lakini volkano hizo, zilipolipuka kwa nyakati tofauti, zilirusha majivu, na upepo uleule ukayapeleka magharibi na kuyatandaza juu ya tambarare. Chini ya majivu, madini yakashikana yakawa tabaka gumu kama saruji. Mizizi ya mti haipiti. Majani mafupi hayahitaji kupita, mizizi yake inatosheka na udongo wa juu, nayo yamejaa madini ya majivu.

Nyumbu wanajua. Kila mwaka, Januari na Februari, huenda kuzalia hapo hapo, penye nyasi fupi zenye madini ya kutengeneza maziwa na mifupa ya ndama. Kwa hiyo ule msafara wa wanyama ambao dunia nzima huja kuutazama umechorwa na upepo na majivu.

Karibu na Oldupai kuna rundo la mchanga mweusi lenye umbo la mwezi mchanga, urefu wa mita 100 hivi na kimo cha mita 9. Linatembea. Upepo unachukua chembe kutoka mgongoni na kuziangusha mbele, na rundo zima linasogea kama mita 17 kwa mwaka kwenda magharibi. Chota mchanga wake mkononi uurushe juu: una chuma, chembe zake hushikamana, na hurudi chini pamoja badala ya kutawanyika. Ndiyo maana rundo halivunjiki njiani.

Turkana kuna nini? Mbona upepo wake unasifika hivyo?

Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwazi, na upepo wa kusini mashariki unabanwa humo. Bana mdomo wa mpira wa kumwagilia maji uone: maji yaleyale, kasi mara mbili. Mwaka 1982 J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walieleza mkondo huo wa upepo kwa vipimo, na leo karibu na Loiyangalani kuna mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo, yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019.

Upepo unaokimbia hivyo tambarare hauna nafasi ya kupanda, basi haunyeshi. Chalbi ni jangwa. Lakini katikati ya ukavu huo umesimama Mlima Marsabit, na kileleni pake kuna msitu wa ukungu, umelowa kila asubuhi. Kwangu huo ni ushahidi unaotosha: upepo ni uleule, kilichobadilika ni kwamba hapo kuna mlima wa kuupandisha.

Ni kweli milima yetu inahusika na mvua ya India?

Ndiyo. Kusi ikivuka ikweta kati ya Juni na Septemba inagonga ukingo wa nyanda zetu za juu, inashindwa kwenda magharibi, inageuzwa kuelekea Somalia na kuvuka bahari hadi India. J. Findlater aliuchora mkondo huo mwaka 1969. Nyanda za juu za Afrika Mashariki ni ukingo wa mto wa upepo unaokwenda kunyeshea mpunga wa watu wengine.

Mvua ya milimani inaweza kugeuka maafa?

Inaweza, na imetuumiza. Desemba 2023 vuli ilikuwa nzito kupita kawaida, bahari ya upande wetu ikiwa na joto kubwa. Sehemu ya mteremko wa Mlima Hanang, mawe na udongo wa volkano vilivyolowa, ilikatika na kushuka na tope hadi Katesh. Zaidi ya watu 80 walifariki.

Mlima unaokusanya mvua unakusanya pia uzito. Mteremko wa volkano ukishiba maji unaweza kuachia. Dalili ni nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, chemchemi inayogeuka tope ghafla au kijito kinachokatika maji wakati mvua bado inanyesha. Ukiona hiyo ya mwisho, usiende kutazama. Kuna kitu kimeziba huko juu, na kitaachia. Chukua watoto, nenda pembeni, ukingoni, mbali na njia ya maji.

Tukikata msitu wa mlimani, mvua itakoma?

Masika yatakuja, kwa sababu yanatoka baharini. Nasema hivi kwa makusudi, maana kuna watu husema "tumekata miti na mvua imenyesha mwaka huu, basi mlitudanganya."

Kitakachokoma ni vingine. Maji ya ukungu yatakoma, kwa kuwa hakuna majani ya kuyashika. Chemchemi za kiangazi zitadhoofika, kwa kuwa mvua itateleza juu ya ardhi badala ya kuzama. Mto utafurika Aprili na kuwa mawe matupu Septemba. Mvua kwenye kipima mvua itakuwa ileile, na ndoo yako itakuwa tupu. Uluguru ni hivyo: miteremko yake ya mashariki ndiyo inayoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Anayefungua bomba Kinondoni anafungua Uluguru.

Nataka kununua shamba karibu na mlima. Nijuaje niko upande gani?

Ndugu yangu mmoja alinunua ekari tatu kwa kuona wingu. Alisimama shambani, akaliona wingu zito limekaa mlimani, akasema hapa mvua haikosi. Wingu lilikuwa goshini. Yeye alikuwa demani, analitazama mgongoni. Misimu mitatu alivuna maharage ya kujaza debe moja. Kwa hiyo:

Usitazame wingu, tazama miti. Juu ya matuta, miti iliyozoea upepo mmoja huinama kuukimbia. Ikiinamia kwako kutoka mlimani, upepo unateremka: uko demani. Ikiinama kuelekea mlimani, uko goshini.

Tazama kinachoota chenyewe, si kilichopandwa. Miti yenye miiba, mibuyu na makatani pori ni jibu. Manyoya ya kijani kwenye matawi nayo ni jibu.

Uliza wazee mambo mawili tu: mwezi gani kijito hukauka, na ni mvua ipi wanayoitegemea, vuli au masika. Usiulize "mvua ni nzuri?" Mtu anayetaka kukuuzia shamba atakujibu ni nzuri.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usome kila msimu, lakini kumbuka unazungumzia eneo pana, na ndani ya wilaya moja ya mlimani kuna goshi na demani. Nunua kipima mvua chako. Kama hela haipo, chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na paa na miti, na kila asubuhi saa tatu pima kina cha maji kwa rula ya shule, uandike, umwage. Milimita kumi kwenye rula ni milimita kumi za mvua. Mwaka mmoja wa daftari hilo utakueleza shamba lako kuliko dalali yeyote, na ukimpa jirani aliye ng'ambo ya kilima kopo la pili, mtashangaa wote wawili.